Steringi anaposhindwa kortini: Uso wa mwigizaji na hukumu ya mtazamaji

Ijumaa moja ya muhula wa pili niliwapeleka wanafunzi kumi na wawili wa Chama cha Kiswahili kwenye kibanda cha video karibu na soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Nilikuwa nimeelewana na mwenye kibanda: nimlipe ya saa mbili na zaidi kidogo, naye atupe skrini, spika na mabenchi. Nilipomwonyesha filamu yenyewe alijikuna kichwa. "Mwalimu, hii hata haina rangi. Na haijatafsiriwa. Wateja wangu si watatoroka?"

Nikamwambia nitatafsiri mwenyewe. Anayevijua vibanda vyetu ataelewa uzito wa ahadi hiyo. Humo Kiswahili cha filamu kina wenyewe. Akina DJ Afro wamewazoesha watazamaji sauti inayopiga mbio juu ya picha, inayowachekesha, inayowaonya na hata kuwakemea wahusika. Mimi nilikuwa na sauti ya darasani tu.

Mvua ilipoanza, waliingia wabeba mizigo wawili na mama mmoja mwuza ndizi, wakakaa benchi la nyuma. Nikawaeleza kwa ufupi kwamba ni filamu ya kesi, na kwamba kuna mtu anasingiziwa. Mmoja wa wabeba mizigo akauliza kwa sauti, "Mwalimu, steringi ni nani hapa?" Nikamwonyesha mzungu mmoja mrefu, mwenye miwani na suti nyeupe. Akaegemea ukuta. "Sawa. Basi hiyo kesi ameshinda."

Kesi haikushindwa na upande wa mashtaka. Steringi alishindwa, tena vibaya, na mtu asiye na hatia akarudishwa rumande. Yule kijana alisimama. "Zi, zi! Steringi ashindwe aje na ushahidi wote anao?"

Makala haya yametokana na swali hilo. Filamu tuliyoitazama ni To Kill a Mockingbird ya mwaka 1962, iliyoongozwa na Robert Mulligan kutokana na riwaya ya Harper Lee iliyotoka mwaka 1960 na kutuzwa tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ninataka kuonyesha jinsi uteuzi wa waigizaji ulivyoigeuza riwaya hiyo, faida iliyopatikana na kilichopotea. Kisha nitauliza jambo hilo lina maana gani kwetu sisi tunaosoma riwaya za Kiswahili na kutamani kuziona kwenye skrini.

Tuanze na neno lenyewe. Steringi limetokana na neno la Kiingereza lililokuwa likitangulia majina ya waigizaji wakuu kwenye mabango na mwanzoni mwa filamu. Kinywa chetu kikalichukua, kikalifanya jina la mtu. Kule Tanzania utasikia stelingi. Tangu hapo neno limebeba kanuni nzima ya usomaji wa filamu: steringi hafi, steringi hashindwi, na akipigwa leo atalipiza kesho. Mtazamaji wa kibanda hahitaji kungoja matendo ili amjue mtu mwema. Anautambua uso, na uso unamwambia nani wa kuaminiwa.

Wahakiki wa fasihi tumezoea kuzungumzia usawiri wa wahusika kama kazi ya maneno. Mwandishi huwachora wahusika kwa maelezo, kwa mazungumzo, kwa matendo na kwa yale yanayosemwa na wengine kuwahusu. Msomaji hupewa kalamu nusu na mwandishi nusu. Kila mmoja wetu ana Rosa wake na Yasmin wake. Filamu haimpi mtazamaji nafasi hiyo. Uso huja kwanza, kabla ya mhusika kutamka neno, na uso wa mwigizaji maarufu huja na mizigo ya filamu zake zote zilizotangulia.

Katika filamu ya mahakamani jambo hili huwa zito zaidi. Humo hakuna kukimbizana kwa magari wala kurushiana risasi. Watu wamekaa, wanaongea, na sisi tunawatazama usoni tukijiuliza nani anasema kweli. Kwa hiyo uteuzi wa waigizaji ndio ushahidi wa kwanza unaowasilishwa kortini, na ni ushahidi ambao hakuna wakili anayesimama kuupinga. Katika filamu hii nyuso tatu zinatosha kuonyesha hoja yangu.

Uso wa kwanza ni wa Gregory Peck, aliyeigiza wakili Atticus Finch. Kisa kiko katika mji wa kubuni wa Maycomb, jimbo la Alabama, Marekani, miaka ya 1930. Tom Robinson, mtu mweusi, anashtakiwa kwa kumbaka Mayella Ewell, msichana mzungu. Atticus anapewa kazi ya kumtetea, na mji unamgeukia yeye na watoto wake wawili, Jem na Scout.

Inajulikana kwamba kabla ya Peck, jina la Rock Hudson lilikuwa limetajwa kwa nafasi hiyo. Alipopewa Peck, hakuja kama mwajiriwa tu: kampuni yake ya Brentwood ilikuwa miongoni mwa zilizoitengeneza filamu. Alikuwa nyota wa miaka mingi, mwenye sauti nzito na mwendo wa taratibu, na watazamaji walishazoea kumwona katika nafasi za watu waadilifu. Harper Lee mwenyewe alimkubali. Baba yake mwandishi, aliyekuwa wakili na ambaye ndiye kielelezo cha Atticus, alifariki mwaka huo huo wa 1962, na Lee akampa Peck saa ya mfukoni ya marehemu. Peck alikuwa nayo usiku alipopokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora.

Uteuzi huo ulifanya nini kwa kesi? Rudi kwa yule kijana wa benchi la nyuma. Alikuwa na hakika kwamba kesi imeshinda kwa sababu aliutambua uso wa steringi. Sasa hebu fikiria nafasi hiyo angepewa mwigizaji dhaifu, mwenye sauti ya kusitasita. Hukumu ingetolewa, nasi tungesema, "Wakili hakujua kazi yake." Tungemlaumu yeye na kwenda nyumbani. Kwa Peck njia hiyo imezibwa. Wakili ni hodari, hoja zake zimenyooka, mashahidi wa upande wa pili wamejikanganya mbele ya macho yetu. Mayella anaeleza jinsi alivyopigwa, na majeraha yalikuwa upande wa kulia wa uso wake. Baba yake anapewa karatasi aandike jina, anaandika kwa mkono wa kushoto. Kila kitu kimedhihirika. Ndipo wanaume kumi na wawili wa jopo, wazungu watupu, wanarudi na kusema ana hatia.

Hapo lawama inakosa pa kwenda isipokuwa kwa wale kumi na wawili na mji uliowalea. Hiyo ndiyo nguvu ya kumpa nyota kesi ambayo hawezi kushinda. Imani ya mtazamaji kwa steringi inavunjwa makusudi, na kuvunjika kwake ndiko kunakomfunza kwamba kuna mahakama ambamo ukweli pekee hautoshi. Sidhani kama yule mbeba mizigo angesimama kwa hasira namna ile kama Atticus angeigizwa na mtu asiyeaminika.

Lakini faida hiyo ilikuwa na bei. Katika riwaya, msimulizi ni Scout. Ni mtu mzima anayekumbuka utoto wake, na kila kitu tunakiona kwa macho ya mtoto. Baba anayemsimulia si shujaa hapo mwanzo. Anakaribia miaka hamsini, macho yake ni mabovu, hachezi mpira wala kuwinda kama baba za wenzao, na watoto wanamwonea haya. Heshima yao kwake inakua polepole, ukurasa baada ya ukurasa, na ukuaji huo ndio uti wa mgongo wa riwaya.

Filamu imeyabakiza malalamiko ya Jem kwamba baba ni mzee mno wa kucheza. Unayasikia, kisha unamtazama Peck, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mtanashati, na huyaamini. Mtoto gani angemwonea haya baba kama huyu? Mwandishi wa skrini, Horton Foote, hakukosea maneno. Uso uliyakanusha maneno. Matokeo yake ni kwamba hadithi ya mtoto anayejifunza kumwona baba yake imekuwa hadithi ya wakili ambaye watoto wake wapo karibu.

Aliyepoteza zaidi ni Calpurnia, mjakazi mweusi anayewalea watoto hao. Kwa sisi watu wa lugha, mojawapo ya sehemu tamu mno za riwaya ni pale anapowapeleka Jem na Scout kanisani kwa watu weusi. Scout anagundua kwamba Calpurnia anaongea namna moja nyumbani kwa wazungu na namna nyingine miongoni mwa watu wake, na anamuuliza kwa nini. Hilo ni somo kamili la kubadili msimbo, lililotolewa na mjakazi kwa mtoto wa bosi. Wanafunzi wangu wanaosema Ekegusii nyumbani, Kiswahili darasani na Sheng kwenye stendi ya matatu wangelielewa bila mwalimu. Katika filamu safari hiyo ya kanisani haipo. Estelle Evans, aliyemwigiza Calpurnia, amebakiwa na jikoni na mistari michache. Filamu inayojengwa juu ya uso mmoja mkubwa hulazimika kuzikatia nyuso nyingine muda.

Uso wa pili ni wa Brock Peters, aliyemwigiza mshtakiwa Tom Robinson. Uteuzi huu ulikuwa wa namna tofauti kabisa. Kabla ya hapo Peters alikuwa ameonekana katika nafasi za watu wakali, kama Sajini Brown katika Carmen Jones ya 1954 na Crown katika Porgy and Bess ya 1959. Ana mwili mpana na sauti nzito. Mtazamaji wa Marekani wa siku zile aliyezijua filamu hizo angeweza kumtazama Tom kizimbani na kumshuku, sawasawa na wale kumi na wawili. Nadhani hapo ndipo ubora wa uteuzi huu ulipo. Mwongozaji hakutafuta mtu mdogo wa kuonewa huruma kwa urahisi. Alimpa nafasi hiyo mtu mwenye nguvu, kisha akatuonyesha nguvu hizo zikiwa hazina mahali pa kutumika.

Tazama suala la mkono. Tom ana mkono wa kushoto uliokufa tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili, uliponaswa na mashine ya kuchambua pamba. Katika riwaya, mkono huo unateleza kutoka kwenye Biblia wakati wa kiapo. Katika filamu, Atticus anamrushia glasi, naye anaidaka kwa mkono wa kulia. Anaombwa aidake kwa mkono wa kushoto, anajibu kwamba hawezi. Tendo ni dogo, lakini linatokea kwenye mwili wa Peters, mwili ambao kila mtu mle kortini alikuwa ameuogopa. Kisha anaanza kutoa ushahidi, anajizuia kulia, anashindwa. Peck alisimulia baadaye kwamba katika kuigiza onyesho hilo alilazimika kutomtazama Peters machoni, asije naye akabubujikwa. Peck alipofariki mwaka 2003, Peters alikuwa miongoni mwa waliozungumza kwenye mazishi yake.

Nilikuwa nimeridhika na uchambuzi wangu huo nilipoutoa pale kibandani baada ya filamu kwisha. Vijana waliandika. Ndipo yule mama mwuza ndizi, ambaye muda wote hakuwa amesema neno, akauliza: "Mwalimu, na huyo kijana mwenyewe, mbona anaongea akiwa amefungwa tu? Nje hatujamsikia."

Nilirudi nyumbani nikaitazama filamu tena peke yangu. Tunamsikia Tom kutoka ndani ya jela, usiku ule genge linapokuja kumtoa na kuzuiwa na ujasiri wa watoto. Tunamsikia kizimbani. Basi. Kifo chake tunaambiwa tu: ameletewa Atticus kama habari, kwamba alikimbia na kupigwa risasi. Brock Peters anaigiza vizuri kiasi kwamba mtu husahau jinsi alivyopewa muda mfupi. Nimeifundisha filamu hii kwa miaka, na jambo hilo sikuliona mpaka nikaonyeshwa na mtu aliyeingia kujikinga mvua.

Kuna mfano unaokwenda kinyume, nao unatuhusu Wakenya. Rock Hudson niliyemtaja aliigiza mwaka 1957 katika Something of Value, filamu ya Richard Brooks iliyopigwa kwa sehemu humu nchini, kutokana na riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1955 kuhusu vita vya Mau Mau. Ruark aliandika kwa jicho la walowezi. Lakini nafasi ya Kimani, Mkikuyu aliyelelewa pamoja na mzungu kisha akaingia msituni, ilipewa Sidney Poitier. Kila Poitier anapoonekana, mizani inamwelemea. Filamu bado ina kasoro za kitabu chake, ila mtazamaji hawezi kumdharau Kimani kwa sababu hawezi kumdharau Poitier. Mwigizaji hodari anaweza kumfungulia mhusika mlango ambao mwandishi aliuacha umefungwa nusu.

Sasa tuje nyumbani. Riwaya ya Kiswahili ina njia yake ya kale ya kuteua nyuso, nayo ni majazi. Riwaya yetu kubwa ya mahakamani ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Anayemshtaki ni waziri, na jina lake ni Majivuno. Karama anajitetea kwa siku sita akisimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mema na kulipwa kifungo. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza nani yuko upande wa haki, kwa maana majina yamekwisha kuhukumu. Majivuno ni jina linalofanya kazi ile ile inayofanywa na uso wa steringi.

Lakini jina likiingia kwenye skrini hupoteza nusu ya nguvu zake, na uso huchukua usukani. Tukiitengeneza Kusadikika kesho, tutamchagua nani awe Majivuno? Mazoea yetu yatatushawishi tumchukue mtu mwenye kitambi, macho makali na kicheko cha kutisha. Tukifanya hivyo, kesi imekwisha kabla haijaanza, na zile siku sita za Karama zitakuwa za kupitisha muda. Mimi ningemchagua mwigizaji mtanashati, mwenye sauti ya asali, ambaye mtazamaji atampenda. Hapo Karama atakuwa na kazi ya kweli, na mtazamaji atalazimika kusikiliza hoja.

Sisemi haya kwa nadharia tupu. Miaka ile Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora ilipokuwa kitabu teule, kundi moja la maigizo lilikuja kuwaigizia wanafunzi wetu. Nafasi ya Mtemi Nasaba Bora ilipewa kijana mchekeshaji, na ukumbi ulivunjika mbavu. Wiki iliyofuata niliwapa wanafunzi swali la sifa za mhusika huyo. Zaidi ya wachache waliandika kwamba Mtemi ni mcheshi. Mtemi huyo huyo anayenyakua mashamba, anayempiga mkewe, anayemtupa mtoto wake mchanga kwa Amani! Mtoto huyo anapokufa, Amani na Imani ndio wanaotiwa seli. Kitabu kilikuwa mikononi mwao, ila walijibu kutoka kwa uso waliouona. Niliwanyima alama, na hadi leo sina hakika kama ni wao waliostahili kunyimwa.

Wapo wanaofanya vyema. Amil Shivji alipoigeuza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kuwa filamu mwaka 2021, nafasi za Yasmin na Denge alizipa Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika, nyuso ambazo wengi wetu hatukuwa tumezizoea. Mtazamaji aliyeisoma riwaya hana filamu ya zamani ya kumkumbusha kitu. Anawapokea Yasmin na Denge kama watu wapya, kama alivyowapokea kitabuni. Uso mgeni nao ni uteuzi wenye nguvu.

Hilo linanileta kwenye uso wa tatu wa To Kill a Mockingbird. Watoto wa Maycomb wana jirani wanayemwogopa, Boo Radley, ambaye hatoki nyumbani. Uvumi unamfanya jitu, mla wanyama wabichi. Mwishoni ndiye anayewaokoa Jem na Scout wasiuawe, na tunamwona mara ya kwanza akiwa amesimama nyuma ya mlango: mweupe, mwoga, mpole. Aliyeigiza alikuwa Robert Duvall, katika filamu yake ya kwanza. Hana hata neno moja la kutamka. Kwa kuwa hakuna mtazamaji aliyemjua, hakuna aliyeweza kumhukumu mapema, na uvumi wote wa saa mbili unayeyuka kwa kuutazama uso huo.

Na huku kwetu? Katika maigizo ya shuleni na filamu nyingi tunazozitazama, mchawi ni nani? Ni bibi kizee. Mikunjo usoni, macho mekundu ya moshi wa jikoni, mgongo uliopinda, kibanda pembezoni mwa kijiji. Mwongozaji akiuona uso huo hahitaji kuandika mistari zaidi. Mwezi Oktoba mwaka 2021, huko Marani, humu humu kaunti ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Hapakuwa na kizimba, wakili wala shahidi. Sidai kwamba filamu ndizo zilizowaua. Sababu ni nyingi, na ugomvi wa ardhi na umaskini mara nyingi haukosi kutajwa katika visa kama hivi. Ninachosema ni kwamba kila tunapompa bibi kizee nafasi ya mchawi kwa sababu sura yake "inafaa", tunaurudia ule ushahidi ambao hakuna anayeupinga. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo katika tamasha la drama, tukashangiliwa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa fasihi wanaotayarisha maigizo, na vijana wanaopiga filamu kwa simu zao hapa Kisii na Nyamira, wajiulize maswali mawili kabla ya kugawa nafasi. La kwanza: uso huu unamhukumu mhusika kabla hajanena? La pili ni la yule mama: mshtakiwa ataongea lini, na je, tutamsikia akiwa nje?

Siku ile mvua ilipokatika, wabeba mizigo walirudi sokoni wakiendelea kubishana kama Atticus ni steringi kweli au la. Mmoja alishikilia kwamba steringi alikuwa Tom, "maana yeye ndiye amekufa." Mwenzake akamwambia steringi hafi. Wanafunzi wangu walichukua mada hiyo wakapanda nayo kilima hadi shuleni. Nimewapa kazi ya likizo: wateue waigizaji wa Kusadikika kutoka kwa watu wa darasa lao, na watetee kila uteuzi kwa aya moja. Msichana mmoja tayari ameniletea orodha yake. Nafasi ya Majivuno amempa kiranja mkuu, kijana anayependwa na shule nzima. Nafasi ya Karama ameiandikia jina la mvulana mwenye kigugumizi anayekaa nyuma kabisa.

Nilimuuliza kigugumizi kitawezana vipi na hotuba za siku sita. Akasema, "Mwalimu, si ndio watalazimika kumngoja amalize?"